Bloku za nta za tangu 2011: methilesheni inasoma ovyo, na je, kromatini bado ipo humo?

nta_na_wembe (Mbeya)

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa waliokwisha kuishika kazi hii kwa mikono.

Kuna bloku za nta kama 140 (tishu iliyohifadhiwa kwa fomalini kisha ikazamishwa kwenye nta) za saratani ya umio, za mwaka 2011 hadi 2022. Ukanda wetu huu, kuanzia Ethiopia kushuka Kenya, Tanzania hadi Malawi, unajulikana kwa wingi wa saratani hii, na bloku hizi ndizo kumbukumbu pekee ya tishu tuliyo nayo. Lengo ni epijenetiki: kwanza methilesheni (makundi ya methili yaliyobandikwa kwenye sitosini za DNA) ya CDKN2A, jeni inayozuia saratani, na jeni chache nyingine, baadaye genomu nzima, na ikiwezekana alama za histoni, yaani protini zinazozungushiwa DNA.

Utaratibu wa sasa: vipande 5 vya mikroni 10 kwa kila bloku, nta inatolewa kwa zailini, proteinezi K (kimeng'enya cha kuyeyusha protini) saa 3 kwa nyuzi joto 56, halafu nguzo ya silika ya kusafishia DNA. Kipimo cha UV kinasoma nanogramu 60 hadi 90 kwa mikrolita. Baada ya baisalfaiti (kemikali inayogeuza sitosini isiyo na methili kuwa urasili na kuiacha yenye methili), PCR (kunakili DNA) ya kipande cha besi 310 inakataa kwenye sampuli 8 kati ya 12. Zile 4 zinazokubali zina sitosini nyingi ambazo hazikubadilika, hata mahali pasipo na CpG (sitosini inayofuatwa na guanini, ambapo methili hukaa kwa kawaida).

Maswali yangu: tatizo liko wapi? Je, nitumie UDG (kimeng'enya kinachong'oa urasili kwenye DNA) kabla ya baisalfaiti? Njia ya vimeng'enya badala ya baisalfaiti ina faida ya kweli kwa bloku za zamani? Na kromatini (DNA pamoja na histoni zake), kuna kitu cha kusoma humo au tusijisumbue? Bloku nyingi zilitoka hospitali za wilaya, na muda zilizokaa kwenye fomalini haukuandikwa.

---

Kitulo_91

Kwanza achana na namba ya UV. Kipimo kile kinahesabu kila kinachofyonza mwanga wa nanomita 260: RNA, mabaki ya protini, DNA iliyovunjika vipande visivyofaa kitu. Pima kwa rangi ya fluoreshini inayoshika DNA ya kamba mbili, na usishangae ile 80 ikishuka ikawa 10 au chini ya hapo. Hiyo ya pili ndiyo uipangie kazi.

Sasa hizo sitosini zisizobadilika. Hapo ndipo pa hatari, kwa sababu zinakupa methilesheni ya uongo, na uongo wenyewe unapendeza macho. Fomaldehaidi inafunga makundi ya amini ya protini na ya besi za DNA kwa daraja la kaboni moja. Baisalfaiti nayo inaigusa sitosini pale tu kamba mbili zinapokuwa zimeachana. Palipobaki kifundo cha protini, kamba haziachani, au zinaachana na kurudiana mara moja. Sitosini inabaki sitosini, na programu inakuandikia kwamba ina methili. Kwa tishu ya umio, nje ya CpG ubadilishaji unatakiwa uvuke asilimia 99. Ukipata 94 usiende kusahihisha kwa hesabu, kwa kuwa makosa haya hayajatawanyika sawasawa: yanakaa kwa mafungu ndani ya molekuli moja. Soma molekuli mojamoja, na yoyote yenye sitosini 3 au zaidi zisizobadilika nje ya CpG itupe nzima.

Kwa hiyo saa 3 za proteinezi hazitoshi. Fanya hivi:

Punguza nta ya uso wa bloku kwanza, tupa vipande 2 au 3 vya mwanzo vilivyokaa na hewa, kisha chukua 5 hadi 8 vya mikroni 10 kwenye mrija wa mililita 1.5. Zailini mililita 1, tikisa, zungusha kwa kasi ya juu dakika 2, nyonya maji ya juu bila kugusa tishu. Rudia. Ethanoli ya asilimia 96 hadi 100, mililita 1, mara mbili, ili zailini yote itoke. Acha wazi kwenye nyuzi 37 kwa dakika 10 hadi 15 mpaka tishu iwe nyeupe na kavu. Ethanoli ikibaki, proteinezi inalegea.

Weka bafa ya kuyeyushia mikrolita 180 na proteinezi K mikrolita 20 (miligramu 20 kwa mililita). Nyuzi 56 usiku kucha, ukitikisa polepole kama mashine inaruhusu. Asubuhi angalia: kama bado kuna vinyuzi au ukungu, ongeza proteinezi mikrolita 20 nyingine na saa 2 zaidi. Umio una misuli na kolajeni nyingi, kwa hiyo hili litakutokea mara kwa mara. Mchanganyiko ukishakuwa mwangavu, peleka nyuzi 90 kwa saa 1. Hiyo ndiyo hatua inayofungua madaraja, na ndiyo watu wanayoiruka wakidhani proteinezi imemaliza kazi. Usiende saa 3 ukitafuta usalama zaidi, maana joto hilohilo linavunja DNA. Acha ipoe, RNase A mikrolita 2 (miligramu 100 kwa mililita), dakika 2, halafu nguzo. Toa kwa mikrolita 30 hadi 50.

Kabla ya kugusa baisalfaiti, fanya PCR ya ngazi: praima (vipande vifupi vya kuanzishia PCR) za kutoa vipande vya besi 100, 200, 300 na 400 kutoka DNA ambayo haijabadilishwa. Bloku inayotoa 100 peke yake haiwezi kamwe kukupa 310 baada ya baisalfaiti, kwa sababu baisalfaiti yenyewe inakatakata DNA zaidi. Chora praima upya zitoe besi 70 hadi 120, na ziwe zimeepuka CpG ndani yake. CpG ni nyingi kwenye eneo la CDKN2A kiasi kwamba itabidi ugawanye lile eneo lako vipande 3 au 4. Ni kazi, lakini haina njia ya mkato.

Jambo la mwisho kwa leo ni hesabu ya molekuli. Genomu moja (seti moja ya kromosomu) ina uzito wa pikogramu 3.3 hivi, kwa hiyo nanogramu 10 ni nakala 3,000. Zikibaki 30 tu zinazosomeka baada ya fomalini na baisalfaiti, methilesheni ya asilimia 10 ni molekuli 3. Mashine itakusomea kwa kina cha 5,000 na utaona namba nzuri, kumbe ni molekuli zilezile 30 zilizonakiliwa. Fanya PCR 3 tofauti kwa kila sampuli, uone kama zinakubaliana.

---

bafa_baridi (Iringa)

Kamwene wote. Naongezea mambo ya nyanda za juu ambayo hayaandikwi kwenye karatasi za vitendanishi.

Maji hayachemki kwa nyuzi 100 huku. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, yanachemka karibu na nyuzi 94. Njombe ni chini kidogo ya hapo, Kyela ni kama 98. Kwa hiyo anayeandika "weka kwenye maji yanayochemka" anakupa joto jingine kabisa. Hata kwa nyuzi 90, sufuria ya maji inapoteza maji haraka na vifuniko vya mirija vinafunguka. Tumia kipasha joto kikavu, au gawanya mchanganyiko kwenye mirija ya mililita 0.2, mikrolita 50 hadi 100 kila mmoja, uweke kwenye mashine ya PCR yenye kifuniko cha moto. Joto linakuwa sawa kwa mirija yote na hakuna kinachokauka.

Juni na Julai chumba kinashuka hadi nyuzi 12 au 13. SDS (sabuni) iliyomo kwenye bafa ya kuyeyushia inaganda kama theluji chini ya nyuzi 20. Ukipima mikrolita 180 kutoka juu ya chupa iliyoganda, umechukua maji ya chumvi, sabuni imebaki chini. Ipashe nyuzi 37 mpaka iwe angavu, geuzageuza chupa, ndipo upime. Angalia pia hatua ya alkali baada ya baisalfaiti, ile ya kuondoa salfa kwenye urasili. Maelekezo yanasema dakika 15 hadi 20 kwa joto la chumba, wakimaanisha 20 hadi 30. Kwenye chumba cha 12 haimaliziki, na urasili iliyobaki na salfa inaizuia polimerezi (kimeng'enya kinachonakili DNA) kupita. Utaona PCR imekataa, utalaumu bloku bure. Weka nguzo kwenye kabati la nyuzi 25 kwa dakika 20, usizidishe, maana alkali ikikaa sana inaikata DNA.

Anayetengeneza bafa mwenyewe akumbuke kwamba Tris inashusha pH kadiri inavyopata moto, 0.028 kwa kila nyuzi. Tris ya 8.0 iliyopimwa kwa 25 inakuwa kama 6.2 ikifika 90. Asidi na moto vikikutana, besi za purini zinang'oka kwenye DNA. Itengeneze pH 8.8 hadi 9.0 kwa nyuzi 25. Na Tris iwe nyingi kiasi, kwa sababu amini yake ndiyo inayoinasa fomaldehaidi inayofunguka isirudi kufunga tena.

---

PipetiP20

Kuhusu UDG: mimi ningeitumia. Fomalini inafanya sitosini ipoteze amini na kuwa urasili. UDG uniti 1, nyuzi 37, dakika 30 kabla ya baisalfaiti, inazing'oa zile urasili. Bila hivyo unasoma uharibifu wa bloku ukidhani ni biolojia. Kwa kazi ya mabadiliko ya jeni kwenye bloku za zamani ni hatua ya lazima, sioni kwa nini iachwe hapa.

---

Kitulo_91

@PipetiP20 naheshimu hoja yako, lakini kwa methilesheni haisaidii, na mara nyingi inaumiza. Tufuate molekuli yenyewe.

Sitosini isiyo na methili ikiharibiwa na fomalini inakuwa urasili. Baisalfaiti ingeigeuza kuwa urasili hata hivyo. Jibu ni lilelile: haina methili, na ni jibu sahihi. Kwa hiyo urasili ya fomalini haidanganyi hapa. Inayodanganya ni sitosini yenye methili ikipoteza amini, kwa sababu hiyo inakuwa thaimini, na inasomeka kama isiyo na methili. UDG haiigusi thaimini hata kidogo.

Sasa gharama yake. Kila urasili iliyong'olewa inaacha pengo lisilo na besi, na pengo hilo linakatika kwa joto na kwa alkali, vyote vimo ndani ya baisalfaiti. Bloku yenye nakala 30 inabaki na 15. Umepoteza nusu ya ushahidi kwa kuondoa kitu ambacho hakikuwa kinakudhuru.

Na tahadhari kubwa zaidi: baada ya baisalfaiti UDG ni sumu. DNA yote iliyobadilishwa imejaa urasili. Kuna mchanganyiko wa PCR unaouzwa ukiwa tayari na UDG ndani ya kuzuia uchafuzi wa PCR za zamani. Ukiutumia kwenye DNA iliyopita baisalfaiti, hakuna kitakachotoka. Soma lebo. Vilevile polimerezi za jamii ya Pfu zenye kusahihisha makosa husimama zikikutana na urasili. Tumia Taq ya kuwashwa kwa moto, au polimerezi iliyotengenezwa mahsusi kuvumilia urasili.

---

PipetiP20

Nimekubali kwa upande wa methilesheni, sikuwa nimeitenganisha na kazi ya mabadiliko ya jeni. Basi muulizaji wetu atenge DNA mafungu mawili: linalokwenda kusomwa mabadiliko lipite UDG, linalokwenda baisalfaiti lisipite.

---

slaidi_na_mkasi

Wote mmeanzia kwenye mrija. Epijenetiki inaanzia kwenye slaidi.

Methilesheni inatofautiana kati ya aina za seli kuliko inavyotofautiana kati ya wagonjwa wawili. Kipande cha umio kina tabaka la juu, misuli, mishipa ya damu na limfosaiti waliojazana pembeni ya uvimbe. Bloku A ikiwa na asilimia 80 ya seli za saratani na bloku B asilimia 30, tofauti utakayoiona ni ya mchanganyiko wa seli. Kata slaidi ya kwanza na ya mwisho kwa rangi ya kawaida ya hematoksilini na eosini, mtaalamu wa patholojia azungushie eneo la uvimbe kwa kalamu. Vile vya katikati vibandike kwenye slaidi bila rangi, weka juu ya ile iliyochorwa, kwangua eneo hilo tu kwa wembe mpya kwenda kwenye mrija. Lenga asilimia 70 ya seli za saratani au zaidi. Tishu ya kawaida ya kulinganishia ichukuliwe pembezoni mwa upasuaji, na izingatiwe tabaka la juu peke yake. Misuli haiwezi kuwa ya kulinganishia saratani ya tabaka la juu.

Kwenye slaidi hiyohiyo unaweza kujua historia ya fomalini isiyoandikwa. Tafuta punje za kahawia iliyokolea karibu nyeusi penye damu. Hiyo ni rangi inayozaliwa damu ikikutana na fomalini yenye asidi, maana yake ilikuwa haina bafa, au ilikaa ikageuka asidi ya fomiki. Bloku za namna hiyo ziweke fungu la mwisho. Ukiona viini vya katikati ya kipande vimefifia na vya pembeni viko vizuri, fomalini haikufika ndani kwa wakati: kwa saa za mwanzo inapenya kama milimita 1 kwa saa, halafu inapungua mwendo. Tishu iliyowekwa kwenye maji ya Bouin (kihifadhi chenye asidi) au iliyolainishwa mfupa kwa asidi iache kabisa.

Kwa bloku zijazo, ambazo bado mna uwezo nazo, wapeni hospitali za wilaya mapishi haya yaandikwe ukutani: fomalini ya dukani ya asilimia 37 hadi 40 mililita 100, maji yaliyokenekwa mililita 900, fosfeti ya sodiamu yenye haidrojeni mbili (yenye molekuli moja ya maji) gramu 4, fosfeti ya sodiamu mbili kavu gramu 6.5. Tishu sehemu 1, fomalini sehemu 10. Saa 6 zisipungue, 72 zisizidi. Kwa Makete na Njombe, fomalini ya dukani iliyokaa kwenye stoo baridi hutoa ute mweupe chini ya dumu, ni fomaldehaidi iliyojifunga yenyewe. Ukichota ya juu, umechota hafifu.

---

nta_na_wembe (Mbeya)

Nashukuru sana. Nimeelewa kwamba zile sampuli 4 zilizokubali huenda ndizo mbaya kuliko zilizokataa. Bado swali la vimeng'enya na la kromatini.

---

Mufindi_kromatini

Nianze na vimeng'enya kwa kifupi. Baisalfaiti tunayo tangu 1992 na bado inafanya kazi kwa vipande vifupi. Njia ya vimeng'enya iliyochapishwa kikamilifu 2021 inabadilisha mpangilio: TET2 inaioksidisha sitosini yenye methili, kimeng'enya kingine kinaivalisha glukosi ile yenye haidroksimethili, hivyo zote mbili zinalindwa, kisha APOBEC inazigeuza zile tupu kuwa urasili. Hakuna saa za chumvi kali na joto, kwa hiyo DNA haikatikikatiki. Kwa bloku zako faida ni ya kweli kama mnakwenda genomu nzima na DNA ni nanogramu 10 hadi 200. Kwa jeni moja au mbili, praima fupi na baisalfaiti vinatosha, hela iende kwenye sampuli zaidi.

Ila vimeng'enya vina wivu. TET2 inahitaji chuma, na EDTA inakinyonya. DNA iliyotolewa kwenye bafa yenye EDTA haitalindwa vizuri, methili zitaonekana chache kuliko zilivyo. Toa kwa Tris milimola 10 peke yake. Mchanganyiko wa chuma uutengeneze dakika hiyohiyo unapouhitaji, ukibadilika rangi kuwa ya kutu umwage. Mafundo ya fomalini hapa nayo yanasumbua, kwa sababu APOBEC inataka kamba moja. Ile saa 1 ya nyuzi 90 haikwepeki.

Kosa moja wanalolipata karibu wote kwenye genomu nzima: DNA ya bloku ina ncha zilizochongoka, kamba moja ndefu kuliko nyingine. Unapotengeneza maktaba (DNA iliyoandaliwa kwa kusomwa na mashine), polimerezi inajaza upungufu huo kwa sitosini za kwenye chupa, zisizo na methili. Zitasomeka kama za mgonjwa. Chora grafu ya methilesheni kwa kila nafasi ndani ya kipande kilichosomwa. Ukiiona inaanguka kwenye ncha, kata besi zile, mara nyingi 10 au zaidi.

Kuna pia chipu za methilesheni, zenye nafasi zaidi ya 900,000 kwa toleo jipya. Kwa bloku zinataka nanogramu 250, kupimwa ubora kwa PCR ambapo sampuli isichelewe zaidi ya mizunguko 5 nyuma ya DNA ya mfano, na hatua ya ukarabati kabla ya kuiweka. Kwa bloku 140 zenye madaraja tofauti ya ubora, binafsi ningechagua chipu: namba zake zinalinganishika na za maabara nyingine duniani bila ugomvi.

Sasa kromatini, na hapa sikubaliani na wanaosema bloku ya zamani ni DNA tu iliyochakaa. Fomalini iliyowatesa kwenye baisalfaiti ndiyo iliyoishikilia histoni mahali pake. Mtu anayefanya ChIP (kunasa kromatini kwa kingamwili) kwenye seli hai anaanza kwa kumwaga fomaldehaidi ya asilimia 1 kwa dakika 10. Bloku yako imefanyiwa hivyo hivyo, kwa ukali zaidi. Tangu 2010 ilionyeshwa kwamba histoni zinaweza kunaswa kwa kingamwili kutoka bloku za nta. Ugumu ulikuwa kuivunja kromatini iliyokauka bila kuiharibu.

Njia ya 2023 kutoka maabara ya Henikoff kule Seattle imeukwepa ugumu huo: haivunji kromatini kabisa. Vipande vinapashwa moto kwenye Tris ya milimola 800, pH 8.0, kwa nyuzi 85 hadi 90. Joto hilo linayeyusha nta ikaelea, hivyo zailini haihitajiki, na Tris nyingi namna hiyo inanasa fomaldehaidi inayofunguka. Kisha kingamwili ya kwanza, ya pili, halafu transposezi Tn5 (kimeng'enya kinachokata DNA na kupachika vipande) iliyounganishwa na protini A inayoishika kingamwili. Osha kwa chumvi ya kutosha ili Tn5 isiyoshika kitu iondoke. Ukishusha chumvi na kuweka magnesiamu, Tn5 inakata na kupachika ncha palepale kingamwili ilipo. Vipande vinavyotoka ni vifupi sana, na ndicho kinachoifanya ifae bloku: haihitaji DNA ndefu.

Chagua lengo kwa busara. Fomaldehaidi inapenda sana lisini, na alama nyingi za histoni zimekaa kwenye lisini, kwa hiyo baadhi ya kingamwili hazitaona kitu. Waliochapisha walipata ishara nzuri kwa polimerezi II ya RNA yenye fosfeti kwenye serini ya 5, na kwa H3K27ac (asetili kwenye lisini ya 27 ya histoni H3, alama ya kromatini inayofanya kazi). Anza na hizo. Usianze na alama za maeneo yaliyofungwa: Tn5 kwa asili yake inapenda kromatini iliyo wazi, na kwenye tishu iliyokaushwa upendeleo huo unaweza kukufunika. Daima weka mrija mmoja wenye kingamwili isiyo na lengo. Ukiona vilele vilevile humo, unasoma uwazi wa kromatini, si alama yako.

Kuhusu umri, msiogope 2011. Mwaka 2024 watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la Australia, walichapisha ramani za kromatini kutoka wanyama wa makumbusho waliohifadhiwa kwa fomalini, wengine wa miaka 117. Walitumia kimeng'enya cha MNase kinachokata kati ya nukleosomu (fungu la DNA lililozungushwa kwenye histoni) moja na nyingine, wakaona ule mpangilio wa besi 147 ungali umeshikamana. Walioko Iringa na Morogoro wenye kazi ya wanyama walitazame hili: chura wa Kihansi alitangazwa kutoweka porini mwaka 2009, na kila kielelezo chake kilichochukuliwa bondeni kabla ya hapo na kuwekwa fomalini ni dirisha la namna seli zake zilivyokuwa zikiishi pale penye manyunyu. Ila tofautisha: kilichowekwa ethanoli peke yake kina DNA nzuri kwa methilesheni, lakini kromatini haikufungwa. Kilichopita fomalini kwanza kisha ethanoli ndicho cha kusoma kromatini. Pima pH ya kimiminika kwenye chupa kabla ya kukata chochote, na kama imeshuka kwenye asidi tafuta kingine.

---

nta_na_wembe (Mbeya)

Mpango basi: bloku 12 kwanza. Slaidi za rangi, kukwangua, usiku mzima wa proteinezi, nyuzi 90 kwenye mashine ya PCR, ngazi ya 100 hadi 400. Zitakazofika 200 zinaingia kwenye chipu, zitakazoishia 100 zinabaki kwenye praima fupi. Kusoma chipu itabidi tutume nje. Tutume bloku au DNA? Na nilinganishe na nini?

---

Kitulo_91

Tuma DNA, bloku zibaki Mbeya. Bloku ni za mgonjwa na za hospitali, akirudi kesho daktari atazihitaji. Hata kwa DNA utahitaji kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na makubaliano ya kuhamisha sampuli yaliyosainiwa pande zote. Yaanze sasa, yasisubiri uchimbaji uishe.

Vya kulinganishia: DNA yenye methili kamili, iliyotengenezwa kwa kimeng'enya cha SssI, DNA isiyo na methili, iliyonakiliwa genomu nzima kwa polimerezi, na mchanganyiko wa hizo mbili kwa asilimia 0, 10, 50 na 100. Lakini hizo ni DNA safi, zitapita hata pale bloku inapofeli. Kwa hiyo tengeneza bloku ya mfano: tonsili moja iliyogawanywa vipande vinne, fomalini ileile, saa 6, 24, 72 na wiki 2, kisha nta. Kila kundi la sampuli 12 liende na kipande kutoka bloku hizo. Methilesheni ya tonsili ni ileile katika zote nne, kwa hiyo zikitofautiana unajua ni fomalini inayozungumza.

---

slaidi_na_mkasi

Na bloku moja ya nta tupu. Ikate kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, ichakatwe kama sampuli mpaka PCR. Ikitoa mstari, wembe wa maikrotomu ndio unaobeba tishu: badilisha upande wa wembe kila bloku, pangusa kishikio kwa zailini, na kibanio pia, huko ndiko vumbi la nta linakojificha. Mirija iandike kwa kalamu ya risasi kwenye lebo ya karatasi. Wino wa kalamu ya kawaida unaondoka na tone la kwanza la zailini.